Fundi wa Herufi Anajibu: Manahodha Saba Mtumbwi Mmoja

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia jambo moja: fonti za mwandiko, zile zenye herufi zilizolala upande na kushikana mikono, mikia ikipaa juu na kushuka chini. Wengine mnaziita kaligrafia, wengine "herufi za kadi". Shangazi yangu, aliyenifundisha kushika kalamu, aliziita hati tu, kama tunavyosema fulani ana hati nzuri. Nimechagua barua sita. Zilizobaki zilikuwa zinauliza yaleyale, tena mbili zilikuwa na matusi.

Fundi, nimetengeneza kadi. Neno MWALIKO na majina ya wenye shughuli nimeyaweka yote kwa herufi kubwa, katika fonti nzuri sana ya kaligrafia, ili yaonekane. Kila ninayemwonyesha ananiuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Fonti hii ni mbovu?
*Mwenye Kadi*

Fonti ni nzima. Nimeitazama picha uliyoambatisha, na hata mimi niliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii nilisoma "MUAHKO" mara mbili kabla sijashtuka. Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Wewe umewapanga saba kwenye mtumbwi mmoja.

Herufi kubwa ya kaligrafia imechorwa isimame mbele peke yake, ifuatwe na herufi ndogo zilizotulia. M ina kitanzi cha kuingilia upande wa kushoto. L ina mkia unaozunguka chini ukitafuta herufi ndogo ya kuikumbatia. Ukiziweka mfululizo, kitanzi cha mmoja kinaingia tumboni mwa mwenzake, halafu hazishikani, maana herufi kubwa nyingi hazina kiungo cha kutokea upande wa kulia. Jicho linakosa pa kushika. Andika "Mwaliko", M moja mbele, sita ndogo nyuma, uone neno linavyopumua. Ukiona bado halijaonekana vya kutosha, ongeza ukubwa wa maandishi.

Kwenye mstari wa chini nimeona jambo jingine. Umeongeza nafasi kati ya herufi, na sasa kila kiungo kimekatika: a inanyoosha mkono, jirani yake hayupo. Rudisha nafasi hiyo kwenye sifuri. Usilazimishe pia mistari ilingane kingo zote mbili, kwa sababu programu nyingine hujaza upungufu kwa kuzitawanya herufi bila kukuuliza. Na tafadhali, usibonyeze kitufe cha kulaza. Herufi imeshalala, ukiilaza tena itaanguka.

Shikamoo Fundi. Mwalimu wetu wa usanifu anasema italiki, zile herufi za kulala tunazoziona vitabuni, na fonti za kaligrafia ni ndugu. Mimi sioni wanapofanana. Halafu mbona vitabu vya zamani vina italiki tele, lakini hizi za kushikana ni nadra?
*Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza*

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako hajakosea. Ni ndugu wa baba mmoja, ila walilelewa na kalamu mbili tofauti.

Italiki ndiye mkubwa. Mwaka 1501, kule Venice, mchapaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, kilichopangwa kwa herufi zilizolala. Aliyezichonga ni Francesco Griffo, akiiga mwandiko wa wasomi wa wakati huo. Mwaka 1522 Ludovico degli Arrighi akatoa Roma kijitabu cha kufundisha mwandiko wa makarani wa ofisi ya Papa. Kalamu yao ilikuwa na ncha bapa, kama patasi ndogo. Unene wa mstari hautokani na nguvu za mkono. Unatokana na patasi imeelekea wapi. Ikienda kwa ubapa wake inaacha mstari mnene, ikienda kwa makali yake inaacha mwembamba. Fungua fonti ya Zapf Chancery ya mwaka 1979 utaiona kalamu hiyo waziwazi.

Ndugu wa pili alilelewa na kalamu ya ncha kali. Ncha hii imepasuliwa katikati. Ukiikandamiza inapanuka na kuachia wino, ukiinyanyua inajifunga na kutoa uzi. Shangazi alikuwa anakaa nyuma yangu akinong'ona, "Ukishuka kandamiza, ukipanda achia." Siku nikisahau nikakandamiza wakati wa kupanda, ncha ilichimba karatasi, ikanasa, ikafyatuka, na wino ukanirukia shati. Nilikuwa na shati moja la kazi hiyo. Lilikuwa na madoa kama kanga wa porini.

Mabwana wa mwandiko wa Uingereza wa karne ya 18 waliandika kwa mtindo huo, kisha kazi zao zikachongwa kwenye mabamba ya shaba ili zichapwe. George Bickham, mchongaji wa London, alitoa mkusanyiko mkubwa wa mifano yao kati ya 1733 na 1741. Herufi zao zimelala kwa digrii zipatazo 55 kutoka mstari wa chini, na mpaka leo fonti nyingi za kadi zinafuata mlalo wa namna hiyo.

Ukitaka kujua fonti ni mtoto wa kalamu ipi, ikuze herufi n hadi ijaze skrini. Kama vichwa vya miguu yake vimekatwa mshazari, kana kwamba kwa kisu, huyo ni wa ncha bapa. Kama mstari wa kupanda ni uzi, na wa kushuka unanenepa polepole kiunoni kisha unakonda tena, huyo ni wa ncha kali.

Sasa swali lako la pili. Zamani vitabu vilichapwa kwa herufi za metali ya risasi, na kila herufi husimama juu ya kipande chake chenye pembe nne. Chukua f iliyolala sana: kichwa kinatokeza nje ya kipande upande wa kulia, mkia unatokeza upande wa kushoto. Hicho kinachoning'inia hakina kitu chini yake, kwa hiyo kikigongwa kinavunjika. Halafu kuna viungo. Mkono wa a lazima uguse mwanzo wa k palepale, kila mara, katika kila neno. Metali ikichakaa kidogo tu, panatokea pengo na uongo wote unafichuka. Waliothubutu walikuwepo. Roger Excoffon wa Ufaransa alitoa fonti ya Mistral mwaka 1953, na viungo vyake vimefanyiwa ujanja ambao hata leo ukiutazama unatikisa kichwa. Lakini unafuu wenyewe ulikuja na upangaji wa herufi kwa picha. Kwenye filamu herufi ni kivuli, haina kipande cha kuibana. Mwaka 1966 Matthew Carter akatoa fonti ya Snell Roundhand, iliyotokana na mwandiko wa Charles Snell, mmoja wa mabwana wale wa Uingereza, na herufi zikashikana bila mshono kuonekana.

Nikuongezee habari moja ninayoipenda. Mwaka 1944, vita ikiwa haijaisha, Mjerumani Hermann Zapf alijaza kaligrafia ukurasa mmoja wa daftari lake la michoro. Alitamani mwandiko ule uwe herufi za kuchapia, metali ikamkatalia. Zapfino, fonti iliyozaliwa na ukurasa huo, ilitoka mwaka 1998. Kijana wa miaka 25 alikuwa amekuwa mzee wa 79. Ukiandika nayo leo kwenye kompyuta ya Apple, ambako huja ikiwa imo tayari, kumbuka ilikaa darini miaka 54 ikisubiri mashine inayoiweza.

Fundi, tumetengeneza vyeti vya wahitimu. Maandishi yote, juu hadi chini, yako katika fonti ya kaligrafia ya pointi 12. Kwenye skrini vinavutia mno. Vilipotoka kwenye printa, mistari mingine imekatika na wazazi wanasema hawasomi kitu.
*Mwalimu*

Mwalimu, pointi hupima kimo cha chumba ambamo herufi inakaa, hazimpimi mkaaji. Fonti ya kaligrafia hutumia sehemu kubwa ya chumba kwa ajili ya mikia na vitanzi, na miili ya herufi kama a, e na u inabaki midogo. Andika "elimu" kwa fonti ya kawaida ya pointi 12, na chini yake kwa hiyo yenu, pointi 12 vilevile. Ya pili itaonekana kama ya pointi 7 au 8. Mimi siteremki chini ya 24 kwa neno lolote la kaligrafia, na jina la mhitimu nalianzia 36.

Lakini hata mkikuza, msiweke yote. Jiulizeni: kama kompyuta isingekuwepo, ni maneno gani mngemwita mtu mwenye hati nzuri ayaandike? Jina la mhitimu. Pengine na neno "Cheti". Mengine yote, yaani tarehe, namba, daraja na maelezo ya kozi, wekeni kwa fonti ya kawaida iliyosimama wima na isiyo na makeke. Cheti ni ushahidi. Tarehe ambayo 1 na 7 zinafanana ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Kuhusu mistari iliyokatika: ule uzi wa kupanda, unene wake ukipungua chini ya robo pointi, printa nyingi haziwezi kuutoa ukiwa kamili. Karatasi yenye mikwaruzo inaharibu zaidi. Kibaya kuliko vyote ni maandishi meupe juu ya rangi nzito, na hili nalisema nikiwa na kovu. Niliwahi kuchapa kadi 300, mwandiko mweupe juu ya bluu ya usiku. Kwenye skrini nilikuwa nimeikuza mara nne, nikaona kila unywele, nikajipongeza. Kwenye karatasi wino wa bluu ukafura pande zote mbili ukameza nyuzi zote nyeupe. Kilichobaki ni mikwaju tu, ile mistari minene ya kushuka, safu ya mikwaju, kama mtu amehesabu siku ukutani. Nilizirudia zote kwa gharama yangu. Tangu hapo nachapa moja kwanza, kwenye karatasi ileile itakayotumika, naishika kwa mkono ulionyooka, nampa na mtu ambaye hajui kilichoandikwa anisomee. Hapo kwenu wazazi wameshaifanya kazi hiyo bure.

Fundi, neno "Tunawakaribisha" lina a nne na zote zinafanana kama zimepigwa mhuri. Raha ya mwandiko imekwisha. Na nikiandika "ng'ara", neno linavunjika katikati.
*Jicho Kali*

Umestahili jina lako. Mkono wa mtu haurudii a ileile mara nne. Jicho linajua hivyo hata kama mwenye jicho hajui.

Dawa imo ndani ya fonti yenyewe, kama imetengenezwa vizuri. Mfumo wa OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, unaruhusu herufi moja kuwa na sura nyingi ndani ya faili moja, na fonti kuchagua sura kwa kutazama jirani wa herufi hiyo. Usipowasha uwezo huo unapata sura ya kwanza tu, kila mara. Katika Microsoft Word, kuanzia toleo la 2010, fungua dirisha la fonti uingie kwenye mipangilio ya ziada. Programu za usanifu zinakupa jedwali zima la sura, unachagua kwa mkono, na huko ndiko utamu uliko.

Nikilipanga neno lako mimi, a ya kwanza na ya tatu naziacha kama zilivyo. Ya pili, iliyobanwa na w na k, naipa sura nyembamba. Ya mwisho ndiyo naipa mkia. Neno lina vichwa vitatu virefu baada ya T: k, b na h. Kishawishi ni kuvipa vyote vitanzi. Nakipa k peke yake, na pengine hata hicho nakinyima nikishaitazama T ilivyojigamba mbele. Mkia mmoja kwa neno unatosha.

Jambo ambalo waandishi wa Kiswahili tunapaswa kulichungulia kabla ya kuchukua fonti ni hili. Watengenezaji wengi huzijaribu kwa lugha zao, ambazo maneno huishia kwa d, s, t na n, basi mikia mizuri wameiweka huko. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Andika "barua, shule, rafiki, moyo, uhuru" utazame mwisho wa kila neno. Kama irabu hazina mikia ya kumalizia, uzuri uliouona kwenye tangazo la fonti hautakufikia. Tangazo hilo lazima litakuwa na Q yenye mkia kama tausi. Q ya nini? Wewe tazama k na w, maana hizo utazitumia mpaka uzichoke. K ikiwa mbaya, umekwisha. Bahati yetu ni th: fonti nyingi zina th iliyoungwa kwa ajili ya Kiingereza, na "thamani" yetu inapanda bure kwenye gari hilo.

Sasa ng'. Fonti nyingi zinaamini kwamba neno limeisha pale herufi inapofuatwa na kitu kisicho herufi. Ikikutana na ile alama ya juu, inadhani "ng" imemaliza safari, inaipa g mkia wake wa kuagia, kisha "ara" inaanza upya kama neno jingine. Ndipo neno lako linapovunjika. Ichague hiyo g peke yake, uzime uchaguzi wa moja kwa moja, uipe sura ya katikati ya neno. Hakikisha alama yenyewe ni ile iliyopinda kama 9 ndogo. Ile iliyonyooka ya taipureta inaonekana kama msumari uliosahauliwa. Halafu punguza nafasi kabla na baada yake mpaka mkono wa g ufike kwa a kwa chini, alama ikielea juu ya kiungo chao. Inachukua dakika tano kwa neno moja. Mimi nimewahi kutumia asubuhi nzima kwa "ng'ambo", na sijutii.

Nimepakua fonti ya bure. Naweza kuitumia kwenye nembo ya biashara yangu?
*Mjasiriamali*

Soma faili la leseni lililokuja nayo. "Bure kwa matumizi binafsi" haihusu biashara, na nembo ni biashara. Ikiwa ni Leseni Huria ya Fonti ya shirika la SIL, toleo la 1.1 la mwaka 2007, ruhusa unayo. Ulichokatazwa ni kuliuza faili la fonti lenyewe peke yake. Great Vibes ya Robert Leuschke, ambayo nadhani ndiyo uliyonionyesha, iko chini ya leseni hiyo.

Ila ruhusa unayo wewe, na jirani yako anayo. Maandishi ya Coca-Cola hayakutoka kwenye fonti. Yaliandikwa miaka ya 1880 na Frank Robinson, mtunza hesabu wa biashara hiyo, kwa mwandiko uliokuwa ukifundishwa Marekani wakati wake. Basi wewe ichukue fonti kama mwanzo tu: geuza maandishi yawe maumbo, vuta mkia huu, kata kitanzi kile, mpaka pasiwe na mwenye nembo hiyo ila wewe. Kisha ipunguze iwe kama ukucha wa kidole gumba. Kama haisomeki, itasomekaje kwenye simu? Na kabla hujaipeleka kwenye mashine ya kukata stika, unganisha maumbo yote yawe moja, la sivyo kisu kitapita juu ya kila kiungo na herufi zako zitatoka vipande vipande.

Fundi, nina bahasha 40 za kuandika majina. Nitumie fonti au mkono wangu? Hati yangu si mbaya, ila mkono unatetemeka.
*Mtetemeshi*

Arobaini? Andika kwa mkono. Zingekuwa 400 ningekuambia vingine.

Kutetemeka kwingi kunatokana na mwendo wa kasi na kubana kalamu. Pumzi itoke wakati unashuka. Chora mistari ya penseli hafifu sana, mmoja wa kukalia herufi na mingine kadhaa ya mlalo wa digrii 55, na kabla ya kuanza jaza nusu ukurasa kwa mikwaju ya kushuka tu, bila herufi yoyote. Inachosha, najua. Mimi nilifanyishwa wiki nzima. Ukifika kwenye jina refu, usilibane mwishoni. Lianzie kushoto zaidi. Acha wino ukauke kabisa kabla hujafuta penseli, na ukauke kweli, usiuguse kwa kidole kujaribu.

Tafuta bahasha 45, siyo 40. Na uanze na ya mtu anayekupenda, ukikosea hatasema.